Saruji ya kwenye risiti na saruji ya ukutani

Kila mwenye ndugu nje anaijua sauti ile. Inaingia WhatsApp alfajiri, dakika nne na nusu. Inaanza na salamu ndefu, inaulizia afya ya mama, ada za watoto, mvua, halafu inapunguza mwendo: "Sasa mdogo wangu, ile mifuko 80 uliyosema imeisha, mbona kwenye picha naona ukuta umepanda kozi mbili tu?"

Huyo "mdogo wangu" ni mimi. Kwa miaka minne nilikuwa msimamizi wa nyumba ya dada yangu anayeishi Uingereza. Nyumba ilijengwa Kibada, Kigamboni, jijini Dar es Salaam, na mimi naishi Tabata, kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji. Hadithi za ujenzi wa mbali husimuliwa zaidi na upande uliotuma pesa, na mwisho wake unajulikana: alituma, akatuma, siku aliyoshuka uwanja wa ndege akapelekwa kuonyeshwa kiwanja chenye nyasi. Wapo waliofanyiwa hivyo na wamefikishana mahakamani, sibishi. Ila hadithi hiyo imetukaa vichwani mno, mpaka tunaamini kwamba adui wa nyumba ni ndugu mwizi, kwa hiyo ukipata ndugu mwaminifu umemaliza kazi. Mimi nilikuwa mwaminifu. Sebule ya dada imezama.

Haikuzama yote. Ni kona moja, upande wa jikoni, imeshuka kama sentimita mbili. Ukiingia huoni kitu mpaka limau likudondoke sakafuni, linajiviringisha lenyewe kuelekea jikoni kana kwamba limeitwa. Baadaye vigae vikapasuka kwa mstari, mlango wa stoo ukaanza kugoma. Fundi wa pili tuliyemwita alivunja kipande cha sakafu, akachomeka nondo chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, ikazama kama kisu kwenye embe bivu. Kifusi hakikushindiliwa. Kilimwagwa, kikasawazishwa kwa koleo, na zege likaja juu yake siku hiyohiyo, kwa sababu lori la kokoto lilichelewa na vibarua walitaka chao kabla jua halijazama. Picha niliyotumiwa jioni ile ilikuwa nzuri kweli: jamvi laini, linang'aa kwa maji, nyuma yake minazi. Dada aliiweka kwenye profaili yake.

Na mimi nilikuwa wapi? Kituo cha Uhasibu, kwenye foleni, nimening'inia kwenye daladala.

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Daftari nilikuwa nalo. Kila mfuko wa saruji una risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, kila tripu ya mchanga ina jina la dereva, nondo zimehesabiwa moja moja. Hesabu ilifunga. Dada mwenyewe, hasira zilipopoa, alikaa na lile daftari siku nzima na hakukuta shilingi iliyopotea. Ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka minne tulikuwa tunalinda pesa, na nyumba tumeiacha wazi.

Risiti inathibitisha kwamba saruji ilinunuliwa. Kwamba iko ukutani, hilo ni jambo jingine kabisa. Kati ya duka la vifaa na ukuta kuna safari fupi ambayo haina mashine ya EFD, na karibu kila uovu na uzembe wa ujenzi wa Dar es Salaam umejificha kwenye safari hiyo.

Chukua tofali. Wengi wetu tunafyatulia kiwanjani au tunanunua kwa wafyatuaji wa kandokando ya barabara. Mfuko mmoja wa kilo 50, ukitaka tofali la inchi 6 linaloeleweka, unatoa matofali 25 hadi 35 hivi, kutegemea mchanga. Fundi akiamua, mfuko huohuo unatoa 50, na yakishakauka huyatofautishi kwa macho, sembuse kwa picha ya simu. Tuseme nyumba inataka matofali 3,000. Kwa 30 kila mfuko, ni mifuko 100. Kwa 50, ni mifuko 60. Mifuko 40 imebaki, na kama mfuko ni shilingi 16,000, hapo kuna 640,000 ya mtu. Si pesa ya kumtajirisha. Ni ada ya muhula, ni bati za kumalizia chumba chake Chamazi. Lakini kwa ajili ya 640,000 hiyo, kuta zote za nyumba ya mamilioni zimekuwa biskuti, na ukuta wa biskuti haurekebishwi, unavunjwa. Dukani, aliyeiba elfu kumi amekutia hasara ya elfu kumi. Kiwanjani, aliyeiba elfu kumi anaweza kukutia hasara ya milioni, na wala hajui kama amekutia.

Kipimo cha tofali kila fundi anakijua: liinue usawa wa kifua, liachie. Zuri litameguka kona. Bovu litarudi kuwa mchanga. Jaribio lenyewe ni sekunde mbili, ila linahitaji mtu wa kuliinua ambaye siye aliyelifyatua.

Nondo nayo ina siri yake, na hii nimeifahamu nikiwa nimeshachelewa. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa kilo 10.7 hivi. Milimita 10, kilo 7.4. Hizi si siri za wahandisi, ni hesabu ya unene na uzito wa chuma. Sasa wewe unauziwa "ya 12" ambayo kwa kweli ni ya 11. Milimita moja, nani ataiona? Ipime kwenye mizani: utakuta kilo 9. Umelipia chuma ambacho karibu sehemu moja ya sita yake haipo, na risiti yako ni halali, ina namba, ina tarehe, imeandikwa "nondo 12mm". Mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia magunia, unatosha kufichua jambo hilo. Miaka minne niliyosimamia sikuwahi kupima hata nondo moja. Nilikuwa nazihesabu.

Halafu kuna maji. Mwenye kiwanja Kigamboni anajua visima vya huko, vingine vina chumvi ya kutosha kupikia. Ukichanganyia zege maji hayo, chumvi inaingia humo na kuanza kuila nondo taratibu, na wewe utakuja kuziona dalili miaka kadhaa baadaye: rangi inabanduka chini ya ukuta, unga mweupe unatokeza, linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, inapasuka kwa urefu. Fundi ataulizwa? Fundi yuko Mbeya saa hizo. Kwetu boza la maji baridi, yasiyo na chumvi, lilikuwa kwenye bajeti, na risiti yake ninayo. Kama ni maji yale yaliyoingia kwenye zege au yalikwenda kunyweshea bustani ya mchicha ya jirani, hilo daftari langu halisemi.

Mtu wa nje akisikia haya anasema: basi nitadai picha zaidi. Video kila siku. Kamera ya kuning'iniza kwenye mwembe. Najua walioweka kamera. Kamera inaona watu wanafanya kazi, haioni uwiano wa mchanga na saruji ndani ya ndoo. Na tatizo la picha si uchache wake. Nyumba ni kazi ya kufunika: msingi unafunikwa na kifusi, kifusi kinafunikwa na jamvi, nondo zinafunikwa na zege, mabomba na waya vinafunikwa na plasta, kenchi, zile mbao za kubeba paa, zinafunikwa na dari. Picha tunazotumiwa ni za baada ya kufunika, kwa sababu hapo ndipo panapopendeza. Mwenye nyumba anafurahi, anatuma ya hatua inayofuata. Kwa hiyo tunalipia mfuniko.

Kuna na suala la saa. Dada yangu anafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Anatoka saa mbili asubuhi ya kwao, ambayo wakati wa baridi ni saa tano yetu. Mafundi wa hapa wanaanza zege mapema, wakimbizane na jua. Akija kugusa simu, zege limeshamwagwa. Miaka yote minne alikuwa anatazama mambo yaliyokwisha.

Kama naulizwa leo, nitasema kwamba ujenzi wa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu una siku sita hivi ambazo ndizo nyumba. Zilizobaki ni siku za kubeba na kupanga. Ya kwanza ni ile ya kuseti msingi, kamba zinapovutwa na mtu anahakikisha kona ni kona na nyumba haijaingia kwa jirani au kwenye njia. Kisha siku ya zege la msingi, kabla halijamwagwa, udongo ukiwa wazi, kwa sababu Dar es Salaam si udongo mmoja: mchanga wa Kigamboni, mfinyanzi wa mabondeni na vilima vya Goba havitaki msingi mmoja. Kisha siku ya kabla ya jamvi, ambayo mimi niliila kwenye foleni. Hii ndiyo nzito kuliko zote, maana hapo panapitishwa mambo manne kwa mpigo: kushindilia kifusi kwa matabaka, dawa ya mchwa, nailoni ya kuzuia unyevu, na mabomba ya maji taka, na yote manne yanazikwa milele mchana mmoja. Ya nne ni nondo za linta zikiwa zimefungwa, zege bado. Ya tano ni kenchi kabla ya bati: mbao zimetiwa dawa kweli au zimepakwa tu rangi ya kijani? Ya sita ni mabomba na waya kabla ya plasta. Kumwagilia zege maji baada ya kumwaga, wiki nzima, asubuhi na jioni, hilo ni la mlinzi, na nitamrudia.

Siku sita. Mtu aliye Birmingham au Houston hana haja ya kununua macho ya siku 300. Anunue macho ya siku hizi sita, ila yawe macho yanayojua kinachotazamwa, na yawe ya mtu mwenye uwezo wa kusema "hapana, leo hammwagi." Mhandisi au fundi sanifu anayelipwa kwa kila ziara, na fundi mkuu ameandikiwa kwenye mkataba kwamba bila huyo kufika na kuandika ruhusa, zege halimwagwi na pesa ya hatua haitoki. Wahandisi wana bodi yao ya usajili, makandarasi wana yao, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana yao. Jina la mtu unaweza kuliuliza huko kabla hujamtumia hata shilingi. Watu wanaona ni ghali. Ni watu walewale waliolipia marumaru kutoka nje.

Mbona ndugu asifanye? Hapa ndipo penye moyo wa jambo, na ndipo ninapotofautiana na wanaosema tatizo ni uaminifu.

Fundi wetu mkuu alikuwa mzee wa makamo ya baba. Aliletwa na mjomba, alikuwa amemjengea mjomba. Kila nikifika kiwanjani naanza na shikamoo. Jaribu siku moja kumwamkia mtu shikamoo, aitikie marahaba mwanangu, akupe kigoda, atume kijana akakuletee soda, halafu umwambie zege lake bovu livunjwe. Mimi nilishindwa. Ningekuwa na ujuzi pia ningeshindwa, na ujuzi sikuwa nao, nimesomea uhasibu. Siku moja niliuliza kwa nini ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushia nondo kubwa, zimeachana hivyo, akacheka kwa upole, akasema, "Mwanangu, nilianza kujenga hujazaliwa." Mazungumzo yakaishia hapo. Mjomba angesikia nimemvunjia heshima fundi wake, ungekuwa mkutano wa ukoo.

Upande wa pili, ndugu hana mshahara. Hili tunalikwepa kulitamka. Dada hakuwahi kuniuliza nauli ya Tabata hadi Kibada ni kiasi gani, kwenda na kurudi, na Jumamosi nzima iliyopotea. Mimi sikuwahi kuomba. Kuomba ingekuwa aibu, kudai malipo kwa dada aliyenilipia shule. Nilinyamaza nikabeba. Wenzangu wengi hawanyamazi, wanajilipa. Wanaongeza 1,000 kwenye kila mfuko. Kwa mifuko 400 hiyo ni shilingi 400,000, na ukiigawa kwa miezi kumi ya kuhangaika ni 40,000 kwa mwezi. Hebu niambie ni nani utamwajiri kwa 40,000 kwa mwezi akusimamie nyumba. Siitetei nyongeza hiyo. Nasema tu kwamba ni ujira ambao haukujadiliwa, na ujira usiojadiliwa una tabia mbili: mlipaji akiugundua anauita wizi, na mpokeaji kwa kuwa anauficha hana kipimo cha kuishia.

Na kuna misiba. Mwaka wa pili wa ujenzi mjomba mwingine alifariki Muhimbili. Ilikuwa Ijumaa, familia inatakiwa kusafirisha mwili hadi Tanga, na kwenye simu yangu kulikuwa na pesa ya saruji. Unafikiri nilifanya nini? Ningempigia dada, angesema toa. Nilitoa kwanza, nikampigia akiwa kazini, hakupokea, nikamweleza Jumapili. Alisema nimefanya vizuri. Miezi miwili baadaye kwenye sauti moja ya alfajiri akauliza kwa nini boma limesimama kwenye linta. Hakuwa ameusahau msiba. Ila kichwani mwake msiba ulikuwa mfuko mmoja na nyumba mfuko mwingine, na mimi huku nilikuwa na simu moja.

Ndiyo maana siamini kabisa utaratibu wa kutuma kidogo kidogo kila mwezi, ingawa najua ndivyo mishahara inavyokuja. Pesa ndogo ikikaa kwenye simu ya ndugu haikai, ina watu wake tayari. Na hata ikifika kiwanjani inafanya kazi mbaya. Fundi akiitwa wiki moja na kuachwa miezi mitatu anahamia saiti nyingine, anayekuja baada yake anaanza kwa kulaumu kazi ya mwenzake, na lawama zake zina gharama. Boma linapigwa na masika ya Machi hadi Mei halina paa, nondo zilizoachwa wima kwa ajili ya hatua inayofuata zinaota kutu. Pita Mabwepande au Chanika uone mapagale yalivyojipanga, mengine yana miti ya mpapai inayochungulia dirishani. Afadhali pesa ikae huko ilikotoka, kwa jina la mwenyewe, mpaka itoshe hatua nzima, ndipo ishuke yote na hatua imalizike kwa wiki chache. Na hela ya matumizi ya mama ije kwa njia yake, siku yake, hata kama ni kidogo, ili hela ya saruji isigeuzwe kuwa ATM ya ukoo.

Mlinzi. Huyu ndiye shahidi asiyeulizwa kamwe. Analala kwenye pagale, amepanda mahindi pembeni, ana kuku watatu, anajua kila gari lililoingia na kila mfuko uliotoka usiku. Kosa letu ni kwamba tunamwachia fundi amtafute mlinzi. Mlinzi aliyeletwa na fundi ni mtu wa fundi, kaburi la siri zake. Mwenye nyumba amtafute mwenyewe, hata kwa kupitia mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa, amlipe mwenyewe kwa simu, na amwongezee kidogo kwa kazi ya kumwagilia zege. Mlinzi wetu, siku dada alipokuja, ndiye aliyemwambia kwamba jamvi lilimwagwa jioni. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. "Hukuniuliza, bosi."

Kuhusu ardhi nitapita haraka, maana imesemwa sana, ila jambo moja halisemwi vya kutosha. Kila mtu anajua kuuziwa kiwanja kilichouzwa mara mbili, kila mtu anashauriwa kufanya upekuzi rasmi wa hati kabla ya kulipa, na wa Dar es Salaam tunakumbuka 2017, nyumba za Kimara hadi Kiluvya zilivyovunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, alama ya X ikiwa imeshachorwa ukutani. X haipigwi picha na ndugu ili itumwe Uingereza. Hakuna anayetaka kuwa mleta habari hiyo.

Lisilosemwa ni jina kwenye hati. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi ardhi asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji, na sheria yetu ya uraia haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Wengi waliochukua pasipoti za huko wakaona njia ni kuandika jina la kaka au mdogo. Mabadiliko ya karibuni ya sheria yameleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, na mwenye hali hiyo aifuatilie kwa mwanasheria badala ya shemeji. Lakini nyumba zilizokwisha kuandikwa majina ya ndugu ziko maelfu, na ndugu wanakufa. Siku akifa, nyumba hiyo ni mirathi yake. Mjane na watoto wake hawadhulumu mtu wakiidai, wanasoma karatasi kama ilivyo. Hati ya Kibada iliandikwa jina la mama. Tuko ndugu watano. Hatujawahi kulizungumza, na kila Idi tunakula pilau juu ya swali hilo.

(Mtaniruhusu neno moja kuhusu ramani. Dada aliitoa mtandaoni. Nyumba nzuri, paa la mwinuko mkali kama la kuangushia theluji, vioo vikubwa vinavyotazama magharibi, na hakuna baraza. Mama amekaa humo wiki mbili akahamishia kiti chake chini ya mwembe. Jiko la mkaa liko nyuma, chini ya bati mbili nilizoziezeka mwenyewe. Vile vioo vimewekewa mapazia mazito ambayo hayajafunguliwa tangu Desemba.)

Sebule tuliivunja kipande, tukafukua, tukashindilia upya, tukamwaga. Fundi wa kwanza tulishamlipa yote, mpaka shilingi ya mwisho, siku aliyomaliza, pamoja na soda. Laiti tungebakiza hata sehemu ya kumi mpaka masika moja ipite, tungekuwa na la kuzungumza naye. Dada na mimi tulikaa miezi mitano tukiwasiliana kwa kupitia mama. Hajawahi kusema nilimwibia. Alisema, "Nilikuamini," kwa wakati uliopita, na nadhani ningepona haraka zaidi kama angeniita mwizi, kwa sababu lile la wizi nina daftari la kulijibu.

Sasa mdogo wetu aliyeko Kanada naye anajenga, Mabwepande. Alinipigia mwaka jana na salamu ndefu. Nilimwacha amalize, nikamwambia mimi kusimamia basi, nitamtafutia injinia na nitaonja pilau siku ya kuhamia. Alinyamaza kidogo. Nilijua anafikiri nimekuwa mtu wa mjini, nimekataa damu yangu. Akakubali, nadhani kwa sababu anajua habari ya limau.

Jumamosi moja mwezi uliopita nipo nyumbani Tabata, nakula mihogo na chai, simu ikaita. Fundi mkuu wa Mabwepande, mzee, sauti ya taratibu. Injinia amefika asubuhi, amepima ringi za linta, amekuta zimeachana futi nzima badala ya nusu yake, amekataa zege lisimwagwe. Vibarua kumi wamekaa, kokoto iko chini, mashine ya kuchanganyia imekodiwa kwa siku. "Bosi, huyu kijana wenu anatukwamisha. Hebu zungumza naye, wewe ndiye mwenye nyumba."

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba. Nikamwambia mimi ni ndugu tu, mzee wangu, aongee na injinia. Chai ilikuwa bado ya moto.